Betri Sita na Kofia ya Baba

Arobaini ya Somoe ilipokwisha, wageni wameshakula pilau na kuaga, wanawe wawili, Riziki na Mariamu, waliniita chumbani kwa mama yao hapa Kibiti nikae nao wakifungua sanduku. Kanga mpya ziliwekwa upande wa kutolewa sadaka, hereni za fedha kila mmoja akapata yake, na nguo za sala wakanipa mimi. Chini kabisa, ndani ya leso iliyofungwa fundo mara mbili, kikatoka kitu kifupi cha duara, kizito kwa kimo chake, ganda limechubuka na mdomoni kimeota unga mweupe kama chumvi. Riziki akakigeuza geuza. "Mama mkubwa, hii si betri? Mama alikuwa anatunza betri mbovu kwenye sanduku la nguo?" Mariamu akasema labda ni ya dawa, ya kuzindika sanduku, tena akanyanyua mkono aitupe dirishani. Nikamdaka. "Usimtupe," nikamwambia, "huyo ni mama yenu." Wakatazamana kama watu wanaojiuliza nani atanipeleka kulala. Nikacheka, na kicheko kikanitoa machozi, na machozi yalipokwisha nikawaeleza habari za mwaka ule mzima. Nawaeleza na ninyi, maana tuliokuwapo tumebaki wa kuhesabika kwa vidole, na mimi majina yote ninayo.

Mwaka ule sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, na betri za tochi hazikuonekana dukani. Mwenye redio alikuwa akizitoa betri zake asubuhi, anazianika juani, jioni anazirudisha zimsomee taarifa ya habari kwa sauti ya mgonjwa. Zikigoma kabisa aliziponda kwa jiwe au akazing'ata kwa meno. Kila nyumba ilikuwa hivyo, kuanzia Umwe hadi visiwani, na hakuna aliyeona ajabu. Mimi nilikuwa nimetolewa kwetu Kiongoroni, kisiwa cha kwenye delta, nije Kibiti kwa Mjomba Omari, kaka wa mama, ili mkewe Bi Tatu anifundishe cherehani. Chumba cha mbele kilikuwa kimoja kwa kazi mbili. Dirishani ilikaa cherehani ya Bi Tatu, na ukutani kwa upande wa pili zilipangwa redio za watu, matumbo wazi, nyaya nje, zinanuka risasi iliyoyeyushwa. Nikikanyaga pedeli, moshi wa Mjomba unanipita puani. Nikikosea mshono, sababu ni kwamba macho yamehamia upande wa pili. Bi Tatu alikuwa akisema, "Mwanaidi, sindano iko huku, kule ni kwa wanaume," na Mjomba anajibu bila kuinua kichwa, "Mwache mwali atazame, kutazama hakuchakazi kitu."

Juu ya kabati ndipo ilipokaa meli. Mjomba alikuwa baharia kabla ya kuwa fundi redio, na katika safari zake alirudi na meli ya kuchezea inayoendeshwa kwa rimoti. Wewe umesimama nchi kavu na kisanduku chenye waya mrefu kama ufito, nayo iko majini inakutii, kulia, kushoto, mbele. Bodi yake ya plastiki ilipasuka garini, basi Mzee Bakari Kitambulio, mchonga mitumbwi wa kwetu, akamchongea nyingine ya msufi, nyepesi, ndefu kama mkono wangu kutoka bega hadi ncha za vidole. Mota na redio zilikuwa za Ulaya, ubavu ulikuwa wa Kiongoroni. Betri zake za kuchaji alizokuja nazo zilikufa mwezi wa kwanza. Alizipeleka mashineni kwa Mzee Salumu Kitwana, mwenye mashine ya kusaga, ambaye injini yake ilikuwa inachaji betri za magari, akazifunga, akakaa kupiga soga, na waliposikia harufu walidhani ni unga unaungua. Baadaye baharia mwenzake akamletea kopo zima la betri ndogo za kuchaji, zilizotolewa kwenye redio za upepo zilizochakaa. Meli ilitaka sita, zimepangwa moja nyuma ya moja. Mjomba alikuwa akiingiza mkono koponi, anatoa sita zozote, tunakwenda bwawani, meli inaondoka kwa mbwembwe, halafu ikifika katikati inakata roho. Tunaogelea kuifuata. "Ina shetani," akasema Bi Tatu. "Haina shetani, ina betri mbovu," akasema Mjomba. "Ipi?" nikauliza mimi. Akanitazama kama nimemuuliza nyota ipi. "Zote," akasema.

Hazikuwa zote. Niliwahi kuona wavuta juya, ule wavu mrefu, kwetu ufukweni, watu wamejipanga kwenye kamba moja. Akilegea mmoja, wenzake hawapumziki kumsubiri. Wanaendelea kuvuta, na yule aliyelegea anaburutwa mpaka anaanguka. Siku moja tulipoitoa meli majini nilizigusa betri moja moja, nikakuta tano zina uvuguvugu na moja ni ya moto wa kuunguza. Ile ya moto ndiyo iliyokuwa dhaifu. Iliishiwa mapema, na zile tano nyingine zikaendelea kuisukuma ingali tupu. Nikamwomba Mjomba balbu ya tochi na vipande viwili vya waya. Shule niliishia darasa la pili na saa ya mkono sikuwa nayo, lakini jikoni nilikuwa nasonga, nateleka na kuchemsha kila siku ya Mungu, na muda wa kila chungu niliujua. Basi nikawa najaza betri moja, naifunga kwenye balbu, naiweka juu ya kinu nikipika. Betri iliyozimika wali haujakauka niliiweka kando moja kwa moja. Iliyofika mpaka muhogo unaiva ilikuwa ya kawaida. Iliyomaliza kunde, kunde kavu nisizoziloweka, na balbu bado inaona aibu kuzima, hiyo ndiyo nikaiita betri.

Kuziandika sikuweza kwa haraka, na rangi hatukuwa nayo, nikazipa majina ya watu. Kila jina lilikuwa na sababu. Iliyopata joto upesi ilikuwa Kibibi, jirani yetu mwenye hasira. Iliyochelewa kujaa lakini ikijaa haitetereki ilikuwa Bi Tatu, na mwenyewe alipoambiwa alinuna siku nzima kisha akawa anauliza, "Mwenzangu leo ameamkaje?" Fatuma wa Umwe alikuwa wa kuaminika, Subira na Rehema vilevile. Na ile iliyowazidi wote, iliyomaliza kunde na kubakiza mwanga wa kuteleka wali, niliiita Somoe, kwa sababu Somoe binti Salumu Kitwana, mtoto wa mwenye mashine, ndiye aliyekuwa akinishikia waya wakati wa kuchaji, na sikupata kumwona mtu anayecheka tangu asubuhi mpaka magharibi asichoke. Alipojua, alitangaza mashineni mbele ya wanawake wote waliokuja kusaga. "Mimi ndiye wa kwanza! Mwanaidi kanipima na kunde!"

Kuzitunza nako kulikuwa na adabu zake, na adabu hizo nilizipata kwa kuharibu na kutazama. Betri iliyotoka kazini haichajiwi papo hapo, inaachwa ipoe kwanza. Iliyobaki na nguvu nusu ilimalizwa kwenye balbu kabla ya kujazwa upya, maana zile za zamani ukizizoesha kunywa nusu hazitaki tena kumaliza kikombe. Mashineni sikuzifunga moja kwa moja kwenye betri ya gari. Nilipitisha umeme kwenye balbu kwanza, balbu ikawa kama mlango mwembamba, wanaingia mmoja mmoja bila kukanyagana. Na kujua zimejaa niliziweka shavuni. Zikiwa za baridi bado, zikiwa na joto la mtoto aliyeamka usingizini, basi. Kazi ya mwisho ilikuwa kuoanisha. Sikutafuta sita zenye nguvu, nilitafuta sita zinazochoka pamoja. Nikapata makundi mawili, la kwanza la wamaliza kunde, akina Somoe, na la pili la muhogo, akina Bi Tatu. Tangu hapo meli haikukata roho tena bwawani, na watoto wa Kibiti wakakosa mchezo wa kutuona tukiogelea.

Karibu na mwezi wa Ramadhani baba yangu, Mzee Mohamedi Mtulia, alikuja Mchukwi hospitali kumwangalia mgonjwa, akapitia kwetu. Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, wanaume mbele, sisi nyuma ya pazia. Bi Tatu alinifinya nisikohoe.

"Shemeji," sauti ya baba, "mtoto nilikupa aje ashone. Nimefika Nyamisati bandarini naulizwa, wewe ndiye baba wa yule msichana anayepika betri?"

"Anazipima, shemeji, hazipiki."

"Gauni ameshona ngapi?"

Mjomba akakohoa. Nyuma ya pazia Bi Tatu akanong'ona, "Moja, na mkono wake mmoja uko nyuma mbele."

"Mimi sina ugomvi na mchezo," baba akaendelea. "Lakini mchezo hata kwetu upo. Na uduvi wa kuanika upo. Idd nakuja kumchukua."

Mjomba naye akapandwa na ubaharia. "Idd usije. Tutakuja sisi. Utakaa ng'ambo ya mto kwenye gati ya boriti, na meli itakuletea kashata mpaka ulipo, irudi, ije tena, irudi tena. Mara mbili, bila mtu kuigusa. Ikikwama, mchukue. Isipokwama, mwache kwangu awe fundi." Nikasikia baba anaramba vidole. "Haya," akasema.

Nilifunga mwezi ule nikiwa na jambo moja kichwani. Sikuchukia uduvi, na kwetu sikukuchukia. Lakini nilikuwa nimekwisha onja kitu ambacho nikikitazama nakielewa na nikikigusa kinanijibu, na nilijua nikirudi hakuna atakayeniwekea balbu.

Idd ilipoandama tulikuwa tumeshafika, kwa lori hadi Nyamisati na mashua mpaka Kiongoroni, Mjomba, Bi Tatu, mimi, na Somoe aliyelia kwa baba yake mpaka akaruhusiwa. Makundi yote mawili niliyajaza mashineni kabla ya kuondoka. La kwanza nililiweka ndani ya kapu, la pili ndani ya mkebe wa biskuti chini ya nguo zangu. Maji yangejaa na kusimama alasiri, na ndipo meli ingevuka. Asubuhi tukaswali, tukala vitumbua na maini ya mbuzi, nikazungushwa nyumba hadi nyumba kupewa mkono wa Idd. Niliporudi adhuhuri nikaingia chumbani, kapu ni jepesi. Nikatoka uani. Kwetu kila ua una bati kuukuu la kuanikia uduvi. Juu ya bati, katikati ya uduvi, zimelala betri zangu sita, zimepangwa vizuri kama watoto wa chuoni, na jua limesimama utosini. Niligusa ya kwanza nikaiachia kwa maumivu.

"Somoe!"

Akatoka na gauni lake jipya la Idd, uso unang'aa. "Nimewaanika tangu asubuhi," akasema. "Jana nilimshika Somoe nikamwona kama amelegea. Nikasema leo, wallahi, lazima azidi."

Nani angemlaumu? Nchi nzima ilianika betri. Lakini zile hazikuwa za kuanikwa. Ya kuchaji inaogopa joto kuliko kitu chochote, na mdomoni mwa wawili unga mweupe ulikuwa umeshatoka. Mmoja alikuwa Rehema. Wa pili alikuwa Somoe. Nilipomwonyesha mwenzangu alikaa chini kwenye mchanga na gauni lake, akashika kichwa. Nikazitoa kwenye bati kwa kanga, nikazilaza kwenye mkebe mtupu, mkebe nikauweka kwenye mchanga wa maji chini ya mtungi ambako hata adhuhuri pana baridi, nikampa Somoe kipepeo apepee.

Mjomba alikuja, akatazama, akashusha pumzi. "Wanne wamepona," akasema. "Wachukue hao, jazia wawili wa muhogo. Wenye nguvu watawabeba wenzao."

"Hawatawabeba, Mjomba. Watawamaliza. Na hata hao wanne, jua limemla kila mmoja kwa kiasi chake, sijui nani amebaki na nini."

"Sasa?"

"Kundi la pili zima. Akina Bi Tatu."

"Hao hawafiki mara mbili!"

"Hawafiki. Wanafika mara moja."

"Mwanaidi, nimewaambia watu mara mbili. Kisiwa kizima kinajua mara mbili!"

"Basi kawaambie mara moja."

Somoe akaacha kupepea. Sikuwahi kumjibu mtu mzima namna ile. Lakini maneno yangu niliyajua kama ninavyolijua jina langu. Nilikuwa nimepika nao mwaka mzima wale. Bi Tatu ndiye aliyetuamua. Alikuwa anajifunga ushungi wake, akamgeukia mumewe. "Haya, baharia. Katangaze. Na useme vizuri kwamba anayeendesha ni mimi."

Mjomba akaenda. Nitamheshimu kwa hilo mpaka ninaingia kaburini. Alipanda juu ya gogo mbele ya watu waliovaa kanzu zao za Idd, akasema, kwa sauti ya kumfikia baba ng'ambo, ni mara moja, kwenda na kurudi, na fundi wake ndiye aliyekata hivyo. Watu wakazomea. Kijana mmoja akapaza sauti, "Mara mbili imeliwa na uduvi!" kwa sababu habari kisiwani haihitaji redio. Nikapanga sita zangu, nikafuta kila mdomo kwa kitambaa kikavu, nikafunga kifuniko, juu nikaweka kashata tatu za nazi. Mjomba akashika kisanduku. Mimi nikasimama ubavuni kwake.

Ilikwenda. Jamani, ilikwenda! Ubavu wa Mzee Bakari unapasua maji, mota inalia sauti moja isiyopanda wala kushuka, mpaka kwenye gati ya boriti ng'ambo. Tulimwona baba akiinama, akazitoa kashata, akagawia wenzake wawili, ya tatu akaila kwa utulivu wote kana kwamba hakuna mtu anayemsubiri. Kisha akanyoosha mkono kichwani, akavua kofia yake ya viua, ile aliyoivaa kwa Idd na ndoa peke yake, akailaza juu ya meli. Sauti yake ikavuka maji. "Kama binti yangu ni fundi, itarudi! Kama ni mchezo, na iende na maji!"

Na maji yalikuwa yameanza kutoka. Mjomba alikaza, meli ikaelekea kwetu, lakini mkondo unaivuta kuelekea baharini, na katikati ya mto nikaisikia sauti ya mota inashuka. Wale waliozomea wakaanza kuhema. Nikamshika Mjomba mkono. "Usikaze. Punguza. Wamechoka wote kwa pamoja, hakuna wa kuburutwa. Waache watembee." Akapunguza. Ingekuwa mchanganyiko, ingekata roho palepale, na kofia ya baba ingelala na kaa. Lakini sita wale walikuwa wamezoea kuchoka pamoja. Walikuja polepole, kama wanawake watokao kisimani na ndoo kichwani, hawakimbii wala hawasimami. Somoe aliingia majini mpaka magotini na gauni lake jipya, mikono amefunga mgongoni ili mtu asiseme aligusa, mpaka pua ya meli ikamgonga goti pembezoni. Kelele zilizopigwa sijazisikia tena, hata harusini kwangu.

Baba alivuka kwa mtumbwi, kichwa wazi, mbele ya watu wote. Mjomba akamwendea amenyoosha mkono wa kupongezwa. Baba akampita. Akaja mpaka niliposimama, akanyoosha kiganja chake. "Nipe kofia yangu, fundi," akasema. Hakusema lingine, na lingine sikulihitaji.

Jioni ile tulipokuwa tunafungasha, Somoe alimchukua yule wa jina lake aliyekufa kwenye bati. "Utamfanyia nini maiti?" Bi Tatu akamuuliza. "Nitakaa naye," akasema. "Alikuwa wa kwanza." Nilidhani amemtupa siku zilezile. Kumbe alihama naye nyumba kwa nyumba, akaolewa naye, akazaa naye, na mimi nikiingia na kutoka chumbani mwake miaka yote hii sikuambiwa.

Sasa nina banda langu hapa Kibiti, njia ya kwenda Mchukwi. Wananiletea betri za sola, za pikipiki, za taa za dagaa, na Idd ikikaribia wananiletea za vimeli, maana mchezo ule haukufa. Kila Idd Kiongoroni wanavusha, siku hizi wasichana ndio wengi, na rimoti zao hazina ufito. Betri zao ni bapa, laini, nyepesi kama mkate wa kumimina, na tabia zake si za wale wa kwangu. Hizi hazitaki shibe ya kulala nayo wala njaa. Zisizo na safari naziacha nusu. Iliyovimba siigusishi moto wala siichaji, naitenga nje kwenye mchanga mbali na ukuta. Lakini jua ni adui wao wote, na kuoanisha ni kulekule, na majina bado nawapa. Wajukuu wananiambia, bibi, zimeandikwa namba. Nawajibu, namba haisemi nani anachoka na nani.

Riziki na Mariamu waliniachia yule wa kwenye leso. Nimemweka kwenye rafu ya juu, mwanzo wa safu, mbele ya wote wanaofanya kazi. Juzi mteja amesimama, akamnyooshea kidole, akauliza huyo wa mwanzo ni bei gani. Nikamwambia huyo ni Somoe, amestaafu. Chagua mwingine.